Nilimwita Bi Zuhura Asiyejiweza kwa Sababu ya Sahani

Sitaki pole ya mtu. Nasema mapema kwa sababu nawajua wasomaji wa ukurasa huu. Mtu akishaandika kosa lake mnakimbilia kumwambia, "Usijali dada, wote tunakosea." Mimi nisomeni mkiwa mmekunja nyuso, maana nilichofanya ni cha kipumbavu na nilikifanya nikiwa na akili zangu timamu.

Majina yote nimebadilisha. Naishi Ngamiani, Tanga, nimezaliwa Chumbageni, kwa hiyo msije mkasema labda huyu ni mgeni, mila za pwani hazijui. Nilizijua! Ndiyo maana hasira haziniishi.

Kwanza niwaambie ugonjwa wangu. Ugonjwa wangu ni vyombo. Kuna wanaougua vitenge, kuna wanaougua dhahabu, mimi nipitishe mbele ya duka la vyombo uone nitakavyosahau nilikokuwa nakwenda. Blenda ninazo mbili. Nina mashine ya kuchanganyia unga wa keki, nina ya kukamulia machungwa, nina ya umeme ya kukunia nazi, na nina lile dude la kukaangia bila mafuta ambalo mume wangu analiita televisheni, kwa vile navyokaa mbele yake nikitazama katlesi zinavyobadilika rangi.

Mkate wa kumimina ukipanda vizuri naupiga picha kwa juu, naupiga ubavuni, halafu naupiga tena nikishaukata. Status yangu ni chakula mwanzo mwisho. Kupika ndiyo raha yangu na kwa hilo simwombi mtu radhi.

Mlango wangu wa nyuma unatazamana na wa Bi Zuhura. Ni mjane, mtoto hakujaaliwa, na alikuwa akikaa chumba kimoja na kaua kadogo. Nilipojifungua binti yangu Rukia, mama yangu alikuwa ameshafariki. Aliyenikanda kwa maji ya moto siku zote arobaini ni Bi Zuhura. Asubuhi na jioni! Akanipikia uji wa pilipili manga, akamlaza mtoto kwenye miguu yake akimwogesha huku anamwimbia. Hatuna damu hata tone moja. Aliniita mwanangu nami nikaitika.

Sasa hizo sahani. Kwetu jirani akikuletea chakula, sahani yake huirudishi tupu. Unaiosha, unatia chochote ulichonacho ndani, unaipeleka. Mama yangu aliwahi kurudisha sahani ya watu na vijiko viwili vya sukari kwenye karatasi, kwa sababu siku hiyo ndicho kilichokuwepo, na hakuona haya hata kidogo.

Mimi na Bi Zuhura tulikwenda hivyo miaka. Ijumaa nampelekea pilau, Ramadhani kila siku nampelekea futari: magimbi, muhogo wa nazi, samaki wa kupaka, tambi. Kesho yake sahani inarudi na ndimu tatu, au ukwaju, au mchaichai alioupanda kwenye kopo la rangi. Akipata unga, inarudi na visheti. Jamani, visheti vya Bi Zuhura! Mashine zangu zote hizo hazijawahi kunipa kisheti kama chake. Iliki inakufikia kabla hujauma.

Sikuwahi kujiuliza yule bibi ukiondoa sahani yangu anakula nini. Kumbe ndiyo ilikuwa mlo wake wa siku! Na alikuwa akiula kwa raha, kichwa juu, kwa sababu alijua kesho naye atatia chake.

Mwaka jana, wiki moja kabla ya mfungo, nikanunua seti ya vyombo vya kioo rangi ya asali. Sahani kubwa, ndogo, bakuli zenye vifuniko, na jagi lake. Nilivipenda mpaka nikamkataza Rukia kuvigusa. Sahani za zamani za melamini nikazigawa zote siku ile ile. Nani aweke melamini kando ya kioo kile!

Siku ya kwanza ya Ramadhani nikampelekea Bi Zuhura futari kwenye kioo. Nisiseme uongo, nilitaka azione. Kesho yake akairudisha na visheti vinne. Na kidonda ukingoni. Kioo kimemeguka kidogo, kama punje ya mchele.

"Imeniponyoka karoni, mwanangu," akasema. "Unisamehe. Mikono hii hainisikii siku hizi."

"Hakuna neno, Bi Zuhura."

Mdomo ndio uliosema hivyo. Moyo ulikuwa unachemka kama sufuria la maharage. Sahani mpya! Nikaishika kwenye taa, nikapitisha kidole kwenye kile kidonda mara ngapi sijui. Vile visheti sikuvila hata kimoja, nikawamwagia kuku. Andikeni na hilo.

Wifi yangu alikuwepo. Akanambia, "Wifi, ukiendelea hivi utabaki na vigae. Nunua vile vibakuli vya plastiki vya kutupa. Watu wanakula, wanatupa, seti yako inakaa kabatini salama." Simlaumu wifi. Wifi alitoa wazo, aliyetoka na kikapu kwenda kununua ni mimi.

Siku ya pili nikampelekea Bi Zuhura futari kwenye kibakuli cha plastiki. Nikamwambia kwa sauti tamu, ile ya kumfanyia mtu hisani, "Kuanzia leo usihangaike kuosha, Bi Zuhura. Ukimaliza, tupa."

Akakigeuza geuza kile kibakuli. "Nitupe?"

"Tupa tu."

"Sasa mie changu n'takutilia wapi?"

Nikacheka! Wallahi nilicheka. Nikamwambia, "Achana na hayo, wewe kula tu."

Yule mama aliniuliza swali zima lenye kila kitu ndani, na mimi nikacheka.

Ngojeni, sijamaliza. Kesho yake nikapakua vibakuli kumi, nikavipanga mezani. Nyuma yake kabati liko wazi, vioo vyangu vinang'aa. Nikapiga picha, nikaiweka status, nikaandika: "Futari ya leo kwa majirani zetu wasiojiweza. Mwenyezi Mungu atutakabalie." Simu ikaanza kulia. Mashallah dada. Mungu akuzidishie. Una moyo wa peke yako. Nilikuwa nazisoma huku nakoroga uji, nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Kuna mtu mmoja aliiona hakusema kitu. Mwanahawa, mtoto wa kaka yake Bi Zuhura, anakaa Mkwaja. Namba yangu alikuwa nayo kwa sababu simu ya kitochi ya shangazi yake kila mara imezimika, basi akitaka kumsalimia anapitia kwangu.

Magharibi ya siku iliyofuata nikagonga mlango wa Bi Zuhura na kibakuli changu mkononi. Akafungua nusu.

"Nshashiba leo, mama Rukia. Mpe mwingine."

Muadhini hata hajamaliza adhana! Mtu aliyefunga kutwa nzima ameshashiba kwa kitu gani? Mtoto wa darasa la kwanza angestuka. Na ameniita mama Rukia, yeye ambaye tangu nimfahamu aliniita mwanangu. Mimi nikasikia nimedharauliwa. Nikarudi jikoni nikisema moyoni maneno ambayo leo yananichoma kuyaandika: kiburi cha maskini.

Siku tatu nikaendelea kumwachia kibakuli kizingitini. Nikitoka asubuhi nakikuta paka ameshakifungua. Siku ya nne nikaacha. Nikajiambia nimefanya wajibu wangu, shauri yake.

Kumi la mwisho likaingia. Mchana mmoja nilikuwa nachanganya keki, mashine inanguruma, nikaona mtu kasimama mlango wa nyuma. Mwanahawa. Nikazima mashine. Nje kulikuwa na bajaji, na ndani ya bajaji Bi Zuhura kakaa na furushi lake la nguo mapajani, anatazama mbele.

"Dada, asalamu alaikum. Nimekuja kumchukua shangazi. Jana kaanguka uani."

Nikauliza anaumwa nini.

"Haumwi. Siku zote hizi anafuturu kwa maji na muhogo wa kuchemsha." Akatoa simu yake, akanionesha picha yangu, ile ya vibakuli kumi. Alikuwa ameihifadhi. "Nilipoiona hii nilimpigia siku ile ile, kwa bahati nikampata. Nikamuuliza, shangazi, kwani siku hizi unalishwa na watu? Nikamsomea ulichoandika. Nilidhani anajua. Kumbe hakuwa na habari kuwa yeye ni asiyejiweza."

Hakupaza sauti. Akasema kwaheri, akaondoka. Nami nimesimama pale na unga mikononi, sikutoka hata kumuaga Bi Zuhura, kwa sababu miguu ilikataa. Uongo! Miguu ilikuwa mizima. Niliona aibu ya majirani waliokuwa wanachungulia.

Idi ilipita kwangu kama msiba. Siku ya tano ya mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, nikaamka alfajiri nikapika. Mkate wa kumimina, katlesi, sambusa za nyama, vyote alivyovipenda. Nikavipanga kwenye sahani kubwa ya kioo, nzima, isiyo na kidonda, nikaifunga kwa kanga mpya, nikasafiri nayo mpaka Mkwaja nimeipakata kama mtoto.

Nikamkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mama Rukia. Karibu, karibu mgeni."

Mgeni! Nikalia pale pale, nikasema yote, ya kidonda cha sahani, ya kuku, ya picha. Akaniacha niseme mpaka mwisho. Akasema, "Basi, usilie. Mie nshakusamehe zamani. Ramadhani ishapita na mambo yake." Akaniletea maji, akaniuliza habari za Rukia, akaniuliza habari za mume wangu. Adabu yake ilikuwa kamili, na mimi kila neno lilinichoma.

Chakula akakihamishia kwenye sinia lake, akawaita watoto wa Mwanahawa wakala, naye akala kipande. Akasema mkate ni mzuri. Halafu akaichukua sahani yangu, akaiosha taratibu kwa mikono miwili, akaifuta kwa upande wa kanga yake, akanirudishia.

Tupu.

Pembeni ya mlango kulikuwa na ungo umejaa ndimu. Niliziona, na yeye aliona kuwa nimeziona.

"Bi Zuhura," nikamwambia, "hata ndimu moja?"

"Sadaka hairudishiwi kitu, mama Rukia," akasema. Hakusema kwa ukali. "Ifunge vizuri, isije ikavunjika njiani."

Afadhali angenizaba kofi! Mpaka leo nusu ya hasira zangu ni zake. Kwa nini hakunitukana? Kwa nini hakuja kugonga kwangu akaniambia wewe mtoto una wazimu, nimekukanda mgongo kwa mikono hii leo unaniandika kwenye simu? Ningepiga magoti. Lakini amekaa na njaa yake siku zote zile, kimya, hatua sita kutoka jikoni kwangu! Nikifika hapo nakumbuka kuwa alisema. Aliniuliza atatia wapi chake, nikacheka. Hasira zote zinarudi kwangu.

Mume wangu anasema, "Mwanamke kashakusamehe, unataka nini tena?" Wanaume bwana! Nataka aniite mwanangu. Kusamehewa nimesamehewa, kama anavyosamehewa mtu baki aliyekukanyaga mguu sokoni.

Nilirudi nikaandika kweli yote kwenye status, na picha ya ile sahani. Wale wa mashallah wote waliiona. Hakuna aliyejibu ila mmoja, naye akaniuliza vyombo vizuri hivyo nimenunua duka gani.

Basi mnaosoma, hasa nyie wapishi wenzangu wa simu, nisikilizeni vizuri. Pendeni vyombo vyenu, nunueni mashine mpaka umeme ukatike mtaa mzima, sitawazuia. Lakini ukitoa chakula, toa kwa chombo ambacho mwenzio atakuwa na haki ya kukurudishia, na akikurudishia ndimu moja iliyosinyaa, ile ndimu ipokee kwa mikono miwili, uikamue, uile. Na hiyo simu iache chumbani!

Kile chumba cha Bi Zuhura kimepata mpangaji mpya, binti mmoja mwalimu, kwao Lushoto. Juzi nimempelekea muhogo wa nazi kwenye sahani ya kioo. Akaniambia kwa heshima zake zote, "Shikamoo mama, ahsante, lakini mimi majirani wamenishauri nisipokee chakula kwako, utanipiga picha."