Jina Aliloitikia Mumo

Mumo Nzioka alilelewa Kitengela, nyuma ya soko, na baba fundi wa mawe aliyehamia huko kutoka Machakos. Alikuwa golikipa hodari, na akiwa bado kijana klabu moja ya nchi ya baridi huko Ulaya ikamchukua.

Kepteni wa timu ndiye aliyempokea. Alikuwa mtu mpole, hata akamnunulia koti. Siku ya kwanza ya mazoezi alimwita kwa neno ambalo wote walilicheka, na Mumo akacheka nao. Baadaye mkalimani akamweleza maana yake: kanyani.

"Lakini si tusi," akaongeza upesi. "Huku bibi humwita hivyo mjukuu anayepandapanda viti. Ni mapenzi."

Mumo akakubali. Lugha ni ya wenyewe, angebishana vipi? Misimu ikapita akiitikia jina hilo uwanjani, hotelini na ndani ya basi. Kila alipodaka penalti, kepteni alimkumbatia na kumwita hivyo kwa sauti.

Kisha wakacheza ugenini, na mashabiki wa huko wakawa wanalia kama nyani kila Mumo akigusa mpira. Refa akasimamisha mechi. Shirikisho likaleta wachunguzi, klabu ya mashabiki wale ikaadhibiwa. Lakini mchunguzi mmoja alikuwa amesikia pia lile jina aliloitwa na wenzake, akaliulizia.

Kepteni alitokwa na machozi. "Ni utamaduni wetu! Huyu ni ndugu yangu. Mumo, waambie."

"Ulijisikiaje ukiitwa hivyo?" mchunguzi akamuuliza Mumo.

Mumo alijipapasa moyoni kama mtu anayegusa fizi iliyodungwa ganzi. "Sikusikia kitu," akasema.

Ilikuwa kweli. Mambo yakaishia hapo. Walipotoka, kepteni akamshika bega, akamwita kwa jina lile lile, na Mumo akaitika.

Mkataba ulipoisha hakuomba mwingine. Alirudi Kitengela, akaoa Mbeke, akapata kazi ya kufundisha timu moja ya ligi mjini Kajiado.

Msimu uliopita, straika wake Meitamei alikuwa akienda kupiga kona. Mashabiki wa timu ngeni wakaanza kumpigia mbinja za kuswagia ng'ombe.

"Wewe Mmasai, rudi kwa ng'ombe zako! Mpira si rungu!"

Meitamei aliuweka mpira chini, akatoka uwanjani, akaketi kwenye nyasi.

"Kocha, mimi sirudi," akasema. "Hata mkinikata mshahara."

Refa akamjia Mumo. "Ongea na mchezaji wako, bwana. Hao wanamtania tu. Si unajua watu wetu na utani?"

"Najua."

"Sasa?"

"Kama yeye hachezi, hatuchezi."

Mumo akawaita wengine wote watoke. Hakupaza sauti. Walipoteza pointi, na wenye timu wakamfokea ofisini mpaka wakachoka. Hawakumfukuza.

Siku ileile ya mechi, wachezaji wakivua viatu, Meitamei alimuuliza, "Kocha, tulisoma kwamba huko majuu wenzako walikuita kanyani. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naitika."

"Na haikukuuma?"

"Bado."

Meitamei akamtazama, akaendelea kufungua kamba.

Nyumbani, Mbeke alikuwa ameshasikia habari kwa simu. Akamuuliza mumewe kama ana hasira. Mumo alijipapasa tena moyoni, akasema ana njaa. Mbeke akampakulia muthokoi wa mahindi na maharagwe, naye akala wote.