Mungu Mdogo wa Cherehani

"Macho yangu yalishapona, dada, ila wewe na hilo neno lako la miwani ndiwe uliyeyarudisha nyuma!" Ndivyo alivyonifokea fundi cherehani jirani yangu nilipomshauri avae miwani, gauni langu la harusi ya mwanangu likiwa mapajani mwake, mkono mmoja umeshonwa ndani nje, na harusi kesho kutwa. Kanisani kwao wamefundishwa kwamba muumini ni mungu mdogo, akitamka limekuwa. Basi kila asubuhi huinyooshea sindano kidole: "Tundu, nakuamuru, onekana!" Kisha hulamba uzi, hukosa, hulamba tena, mpaka uzi unalowa chapachapa. Tundu halijawahi kutii. Kidole chenyewe kimejaa alama za kuchomwa. Mungu gani huyo anayejidunga? Nikamfungulia Zaburi ile wanayoipenda, ambayo husoma mstari mmoja tu wa "ninyi ni miungu", kisha hufunga kitabu. Nikamwonyesha unaofuata, kwamba hao hao walioitwa miungu watakufa kama watu wengine. "Soma mwenyewe," nikamwambia. Akausogeza ukurasa mbali, akauleta hadi puani, akaurudisha mbali. "Nisomee, dada," akasema, sauti imeshuka. Sikumsomea. Nilivua miwani yangu nikamvisha. Akasoma kimya, midomo ikicheza, akarudia. Alichukua uzi mkavu, ukapita tunduni mara moja, akafumua mkono na kuushona upya mbele yangu. Deni lake la kuniharibia gauni likaishia hapo, na ule ukali wake nikausamehe. Ila miwani, ilibidi niichomoe puani mwake kwa mkono wangu.