Maji ya Ziwa kwa Sekunde Kumi na Nne

"Nitawauzia Wazungu maji ya ziwa hili, na hayatapungua hata kikombe."

Skolastika aliyasema hayo mwaloni Kibirizi, ufukweni mitumbwi ya wavuvi inakoshusha dagaa, saa tatu asubuhi, mbele ya wanawake wasiopungua thelathini waliokuwa wakianika dagaa, mbele ya mama yake mzazi, na mbele ya Mwinshehe, mchuuzi wa dagaa kutoka Ujiji, ambaye ukimwambia jambo asubuhi, adhuhuri limeshafika stesheni na kukata tiketi.

Ilikuwa mwaka 2016. Mwaka uliotangulia Warundi waliokimbia machafuko kwao walishushwa kwa maelfu bandarini Kigoma, na nyuma yao wakaja watu wenye kamera kubwa kama mitungi ya gesi. Skola, aliyekuwa akipiga picha za pasipoti katika studio moja ya Rusimbi, alimbebea mmoja wao stendi ya kamera kwa wiki tatu. Mtu yule alipoondoka alimwachia vitu viwili: kamera ya zamani yenye mikwaruzo, na habari kwamba kuna tovuti ambako watengeneza matangazo na filamu hununua vipande vya video vilivyokwisha kupigwa. Mawimbi, mikono, moshi wa jiko, chochote, ili wasilipe nauli ya ndege kuvifuata.

Mwinshehe akamuuliza kama hao Wazungu kwao hawana maji. Wanawake wakacheka hadi mmoja akakaa kwenye dagaa wa mwenzake. Mama Skola hakucheka. Alimpa binti yake mbalamwezi tatu. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala nchi kavu, na watu wa mwaloni wanahesabu muda kwa siku hizo za mikono mitupu. Ikifika ya tatu Skola hajauza klipu hata moja kwa bei ambayo mama yake hataona haya kuitaja kwenye jumuiya ya kanisa, basi kamera itauzwa na yeye atarudi mchangani kuanika dagaa kama watu wengine.

Shida ya kwanza ilikuwa heshima. Watu wa Kibirizi wanaiheshimu kamera. Skola akiifungua tu, wanawake wanakwenda nyumbani kuoga, wanajipaka mafuta, wanavaa vitenge vya harusi, kisha wanasimama wima, mikono ubavuni, kidevu juu, kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Akapata klipu arobaini ambamo kilichotikisika ni ziwa peke yake. Akazipakia zote kwenye stesheneri ya jirani, asubuhi baada ya asubuhi, umeme ukikatika kila ilipofika asilimia tisini na tatu.

Akaweka dola mia nne kwa kila moja. Hakuwa kichaa. Alilelewa mwaloni, ambako muuzaji huanzia juu, mnunuzi huanzia chini, wakatukanana kidogo kwa upendo, wakakutana katikati. Basi akakaa akimsubiri mteja amwulize, dada, mwisho ngapi? Mtandaoni hakuna mwisho ngapi. Mteja asiyependezwa na bei haulizi wala hasonyi. Anakwenda zake, na wewe hujui hata kama alikuja. Mbalamwezi ya kwanza ikapita hivyo.

Akakasirika, akashusha hadi dola tano. Na kwa kuwa ni mtoto wa muuza dagaa, akatia na nyongeza: klipu za dakika sita sita, kama mama yake anavyoongeza kiganja juu ya kopo ili mteja arudi. Zikauzwa tatu. Mwinshehe akasema sasa maji anayagawa.

Neno hilo lilimkalia vibaya kwa sababu lilikuwa kweli. Alikwenda kutazama tangazo moja lililotumia klipu yake ya dakika sita, akakuta wamechukua sekunde nane za mguu wa mtu ukikanyaga mchanga. Kumbe alikuwa akiuza gunia kwa bei ya kopo. Akafuta zote, akaanza upya. Kila klipu ikawa na sekunde kumi na kitu na jambo moja tu ndani yake. Kwenye maelezo hakuandika tena "Kibirizi asubuhi", maana hakuna mtu wa mbali anayeitafuta Kibirizi. Akaandika mikono, samaki wadogo, kicheko, rangi ya fedha inayong'aa, mambo ambayo mtu asiyemjua angeyatafuta. Akachungulia wenzake wanatoza ngapi. Maji matupu akayashusha bei, kwa sababu hapo Mwinshehe alikuwa sahihi, kila nchi ina maji. Kisichopo kwingine akakipandisha. Ni somo ambalo hakuna diploma inayolifundisha.

Na ile heshima akaitibu kwa kuichosha. Akawa anaisimika kamera mwaloni tangu alfajiri, anaiacha hapo kama kigingi cha mbuzi, hadi watu wakaizoea na kuisahau. Baada ya kazi huwaonyesha alichopata, anayekubali anatia saini karatasi ya ridhaa, asiyekubali klipu yake inafutwa mbele ya macho yake.

Hivyo ndivyo alivyompata Leonia. Leonia alivuka kutoka Burundi mwaka ule wa 2015, akawa anakaa kwa shangazi yake na kupepeta dagaa kwa kibarua. Asubuhi moja alikuwa akiwarusha juu kwa ungo kuwatoa mchanga, jirani akasema neno kuhusu mama mkwe wa mtu, na Leonia akaangua kicheko, kichwa nyuma, dagaa hewani waking'aa, ziwa lote mgongoni pake. Sekunde kumi na nne. Alipoonyeshwa alitaka irudiwe mara nne. Kisha akatia saini, kwa sharti kwamba watagawana nusu kwa nusu. Skola akaipa bei ya dola mia moja na arobaini.

Siku nne kabla ya mbalamwezi ya tatu, ujumbe wa mnunuzi ukaingia kupitia ile tovuti. Wanatengeneza filamu ya wakimbizi. Wamependa sura ya mama huyu, ila wangemtaka akilia, na kwa hiyo watalipa dola mia tatu. Kama hakuna ya kulia, basi hii wapewe kwa sitini.

 Hii ndiyo ile mwisho ngapi aliyoingoja tangu mbalamwezi ya kwanza, na sitini ni afadhali kuliko kurudi mchangani. Skola akaenda na simu hadi kwa Leonia, wakaamkiana "Mwakeye", akamsomea. Mama Skola alikuwa pembeni akikunja magunia ambayo yalikwisha kukunjwa.

"Kulia nililia kule Kagunga, mpakani," Leonia akasema, ungo ukiendelea. "Wakapiga picha bure, hata jina hawakuuliza. Kicheko hiki ni changu, dada. Wakikitaka, walipe bei yake."

"Na wakiondoka?"

"Waondoke. Mimi niliondoka kwetu na sikufa."

Skola akaandika kwamba ya kulia hana na hatapiga, na bei ni ile inayoonekana. Akatuma kabla moyo haujageuka.

Siku tatu kimya. Mwezi ukaiva, mitumbwi ikalala nchi kavu, na Mwinshehe akatokea akiwa na shati safi, kuitazama kamera. Akaanzia chini, kama desturi. Skola alikuwa ameshaifuta kamera vumbi na kuitia kwenye mfuko wake, ndipo simu ikalia. Akasoma. Akampa mama yake.

Mama Skola alisoma taratibu, midomo ikitembea. Akauliza kama zote mia moja na arobaini zimelipwa, akaambiwa zote. Ndipo akamgeukia Mwinshehe.

"Baba, kamera haiuzwi."

 Mwinshehe akatembea hadi ukingoni, akainama na shati lake safi, akayatazama maji kwa muda mrefu, akarudi.

"Hayajapungua," akasema.

Tangu hapo klipu ile imenunuliwa mara kumi na moja, na Mama Skola huitaja bei yake kwenye jumuiya hata wakati zamu ya kusema si yake. Bado ipo tovutini. Ni dola mia moja na arobaini.