Tabitha wa Njoro na Mbege Isiyolevya

Alizaliwa Tabitha Ebenezeri mwaka 1961 huko Old Moshi, katika familia ya Kilutheri yenye kahawa, migomba na ng'ombe wa maziwa. Kanisa letu halina desturi ya kutangaza watakatifu, na wazee wa usharika wameniomba nisilitumie neno hilo. Nimewasikia. Tangu ujana wake mtakatifu huyu alijaliwa kipaji cha kupika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kuliko mwanamke yeyote wa upande ule wa mlima. Kwa bahati mbaya alijaliwa pia kipaji cha kuinywa.

Wito ulimjia Jumapili moja ya mwaka 2008, kwenye mnada wa mavuno nje ya kanisa. Alikuwa amelewa tangu asubuhi. Uliponadiwa mkungu wa ndizi alioutoa sadaka yeye mwenyewe, aliugombania kwa ukali, akipandisha bei juu ya bei yake mwenyewe huku akimkaripia mshindani ambaye hakuwepo. Waumini walicheka hadi machozi. Binti yake Hilda, aliyekuwa hajala tangu jana yake, hakucheka. "Mama," alisema, "hizo ndizi zilikuwa chakula chetu." Tabitha aliketi chini pale pale akalia, na hakuonja tena kilevi.

Baadaye alikodi nyumba mtaa wa Njoro, mjini Moshi, akawapokea akina mama wanaoacha pombe pamoja na watoto wao, kwani aliamini kwamba mama aliyenyang'anywa mwanawe hupata sababu mpya ya kunywa. Aliongoza kwa pua. Kila aliyefika getini alipewa mkono, akaulizwa habari za nyumbani, akanuswa. Mchungaji mgeni alinuswa. Fundi bomba alirudishwa kwa sababu ya manukato yake, na bomba likavuja wiki nzima.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 2016, wazee wa ukoo walipofika kumchukua Denis, mtoto wa Kindness, mjane aliyeishi pale. Kindness alikuwa ameacha pombe kabisa, lakini ukoo wa marehemu mumewe ulisema mlevi ni mlevi tu. Aliyewaongoza alikuwa Ndelilio, babu wa mtoto, na shauri la ukoo haliketi bila mbege. Basi Tabitha alipika asubuhi ile ile ndizi mbivu, ulezi, na gome la msesewe la kutia uchungu, asiiache ichachuke. Kama desturi inavyotaka, alionja kwanza, kisha akapokeza kata.

"Shikamoo baba. Karibuni. Ila hii haina kilevi."

Wazee walicheka sana, wakidhani ni unyenyekevu wa mpishi hodari. "Mama Hilda, acha utani! Hii ni kali," alisema Ndelilio, akaomba tena. Haukupita muda akaanza kuimba. Akamkumbatia mdogo wake Filbert, waliyenuniana naye kwa ajili ya mpaka wa kihamba, shamba la urithi. Kisha akamwona Kindness akimfuta Denis kamasi, na moyo wake ukayeyuka. Akasimama ameshika ukuta: "Mtoto akae na mama yake! Nimesema!"

Walipofika getini akageuka. "Yale maneno yasihesabiwe. Ilikuwa ni pombe inasema."

Tabitha akamwonyesha uani, ambako watoto wote wa nyumba ile walikuwa wakimalizia chungu. "Hao nao wamekunywa, baba. Tazama kama kuna anayeyumba."

Ndelilio aliacha kuyumba papo hapo.

"Kaka," alisema Filbert, "basi ulisema mwenyewe."

"Nilisema mwenyewe," akajibu mzee, na Denis akabaki kwa mama yake.

Tabitha alilala katika Bwana mwaka 2022. Nyumba sasa inaongozwa na Kindness, ambaye pua yake, wageni wanasema, ni kali zaidi. Wazee wa usharika hawataki niuite muujiza ule wa wanaume wazima kulewa uji, nami siwabishii. Lakini tumwige mama huyu: tuseme kweli hata wakitucheka; na neno jema likitutoka, tusitafute pombe ya kuisingizia.