Mheshimiwa Hajaitikia

Jumanne asubuhi tulikuwa tunasubiri kivuko cha kwenda Kamanga, na televisheni ya ukumbini ilikuwa inarudia mdahalo wa watia nia ya urais wa chama kimoja. Mimi midahalo hiyo huwa naidharau, maana kila mtu anakuja na majibu aliyoyakariri.

Mwongoza mdahalo, binti mdogo, akamgeukia mtia nia mwenye mvi. "Shikamoo mheshimiwa. Maji yatafika lini vijijini?"

"Ndani ya miaka miwili!" akajibu, kidole juu.

Mama mwenye ndoo ya dagaa, jirani yangu kwenye benchi, akaguna. "Hajaitikia."

"Lakini swali si amelijibu?"

"Shikamoo ya mtu aliye mbele yake hajaisikia. Mimi nikililia maji kule Sengerema, atanisikia?"

Honi ikalia, akajitwika ndoo yake, akapotelea kwenye msongamano wa getini. Hapo nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe sikuwa nimemsalimia.

"Shikamoo mama!" nikapaza sauti.

Kule mbele ndoo ikasimama, ikageuka taratibu, foleni nzima ikasubiri.

"Marahaba, mwanangu!"

Bahati mbaya, yeye hagombei.