Plagi Iliyoivia Jikoni

Mwezi wa sita Ufipa, baridi inagandisha hata salamu mdomoni. Asubuhi hiyo, ukweni Chala, mkaratusi ulikuwa umeangukia njia ya kuingilia nyumbani, na mimi nilikuwa nimejitapa kwamba nitaukata kwa chenso ya baba mkwe kabla wageni wa ubatizo wa mwanangu hawajafika.

Nilivuta kamba mpaka mkono ukawa mrefu kuliko mguu. Chenso kimya.

"Mkwe," akasema mzee, "kule darasa la jioni la ufundi walikufundisha kuvuta tu?"

Ndipo nikanusa petroli. Choki, kile kizibo cha hewa, sikuwa nimeifungua tangu mwanzo, na injini ilikuwa imekunywa mafuta mpaka imelewa. Nikatoa plagi, imelowa chapachapa. Mke wangu akaipeleka jikoni kwa mama yake ikaushwe kando ya moto, maana kwa mila mimi na mama mkwe hatusogeleani.

Baadaye sauti ikatoka jikoni: "Mwambie mkwe plagi yake imeiva. Anakula na chumvi?"

Nikaifunga, nikafungua choki, nikavuta. Chenso ikanguruma, kuku wote wa Chala wakahamia Sumbawanga. Wageni walipofika, njia ilikuwa nyeupe, na kigelegele cha kwanza kilitoka jikoni.