Stesheni ya Saa Ilikuwa Inateleza Kila Jioni, Lakini Kwangu Tu

Jana, Jumamosi ya Agosti 2009. Kitale iliamka na ukungu, baridi ya kuingia kwa mifupa, halafu mchana mvua nyembamba.

Wakuu, hamjambo popote mlipo. Sitaongeza chumvi hapa, yenyewe inatosha. Bado nimeshtuka. Masomo yangu iliishia darasa la nane, kwa hivyo nikikosea mahali nirekebisheni polepole.

Mimi nauza mbegu na mbolea. Hobby yangu ni kupima signal za redio. Tuko wawili tu ninaojua, mimi na rafiki yangu Wafula, fundi wa baiskeli huko Bungoma, upande wa Kibabii.

Kwa wasiojua: kuna stesheni moja ya ng'ambo kwa shortwave, haina nyimbo wala habari. Inapiga tik, tik, kila sekunde, na frequency yake haisongi.

Mimi nina crystal, kijiwe cha kutoa mawimbi ya redio, ndani ya mkebe wa biskuti, inatoa signal karibu sawa na hiyo. Zikikutana kwa redio, sauti inapanda na kushuka kama mtu amelala anapumua. Ikipumua polepole, tuko karibu sana. Ikianza kuhema, mmoja wetu amesonga.

Sasa shida ndiyo hii. Asubuhi ilikuwa inapumua vizuri. Kila jioni, kwa miezi kadhaa, inahema.

Nikampigia Wafula. "Hiyo stesheni inateleza jioni."

"Kwangu haitelezi," akasema. "Ati itelezee wewe peke yako huko Kitale? Wewe ni nani?"

Kusema haki, alikuwa na point. Hata mimi nilijishuku. Nilienda mpaka hospitali nikaoshwa masikio, msicheke. Jioni ikahema vile vile.

Mwisho nikamwambia aje aone mwenyewe. Kama kosa ni langu, mkebe unaenda na yeye Bungoma na mimi naachana na hii mambo kabisa.

Wakuu, huo mkebe niliuanza mtoto wangu wa kwanza akinyonya. Sasa anasoma darasa la tatu. Sina kingine nilichotengeneza na mikono yangu kikafanya kazi.

Jana asubuhi akafika. Tukakaa. Redio ikapumua polepole.

"Inalala kama mtoto," Wafula akasema. "Wazimu iko wapi?"

"Ngoja jioni."

Hatukufika jioni. Saa sita mchana, ikaanza kuhema!

Nilisimama. Mchana haijawahi, hata siku moja. Wafula akapigia bibi yake, ambaye alimwachia redio na crystal yake zikiwa on kule Bungoma. Bibi akasema huko inapumua tu polepole.

Stesheni ni moja, Kitale inahema, Bungoma imelala. Nilisikia nywele zikisimama.

Wafula akaegemea ukuta afikirie. Akaruka.

"Wee! Hii ukuta iko na homa?"

Ng'ambo ya huo ukuta ni jikoni. Bibi yangu Nekesa akajibu kutoka huko, "Si ni kuku yako, shemeji! Ulitaka nipike na jua?"

Tukaangaliana.

Mgeni ametoka Bungoma, hawezi kurudi bila kuku, kwa hivyo moto uliwashwa mapema. Siku zingine Nekesa anawasha jioni, ya ugali. Na rafu ya mkebe wangu nimeipigilia kwa huo huo ukuta wa udongo. Crystal ikipata joto, frequency yake inasonga.

Tulikimbia jikoni kumwomba atoe kuni.

"Nyinyi wawili mko sawa kichwa?"

Akatoa. Tukangoja. Kuhema kukapungua, kukapungua, redio ikalala. Tukarudisha kuni, ikahema. Tukarudia tena na tena, mpaka Nekesa akatuachia hiyo kazi ya moto akaenda kwa jirani.

Miezi yote hiyo nilikuwa sipimi stesheni. Nilikuwa napima ugali ya bibi yangu.

Neno ni neno. Nikatoa mkebe kwa rafu nikampa Wafula. Akaushika, akaugeuza, akanirudishia.

"Nichukue kipima-moto cha shemeji nipeleke wapi? Mkebe haijakosa, bana. Imesema ukweli kila jioni. Ni wewe hukujua inasema nini."

Nimejifunza hivi: kabla sijasema kitu cha mbali kimeharibika, kwanza nishike kilicho nyuma yangu nione kama kina joto. Lakini pia niseme haki, masikio yangu yalikuwa mazima.

Sasa wenye ujuzi, crystal niiweke wapi isiguswe na joto? Wafula anasema niifukie kwa shimo chini ya kitanda. Mnaonaje? Hata mkitaka kunicheka, karibuni.

Jioni tulikula ugali na yule kuku, mgumu kama raba, kwa sababu ya moto kuondolewa kila saa. Kwa desturi yetu, firigisi ni ya mgeni. Wafula akaiweka kwa sahani ya Nekesa, akasema leo ni ya mwenye moto. Nekesa akaitafuna polepole, akiniangalia.